Mlima Wetu, Ardhi Yetu na Maji Tunayokunywa



Tumezoea kuanza historia ya kwetu na wazee: nani alifika kwanza, ukoo upi ulikata msitu upi, kihamba kipi kilirithiwa na nani. Mwaka huu tumeona tuanze nyuma zaidi, na mlima wenyewe. Mradi tunaowaombea michango hauwezi kueleweka bila kuujua Mlima Meru.

Mlima uliobomoka

Ukiwa Arusha mjini, Meru unaonekana mzima, umechongoka vizuri. Nenda Momella utazame kutoka mashariki, utaona jambo jingine: upande mzima haupo. Kilichobaki ni ukuta unaopanda mita zipatazo 1,500 kutoka sakafu ya kreta hadi kileleni, na ndani yake kilima cha majivu kilichoota baadaye. Ukuta huo ni kama kitabu kilichofunguliwa. Tabaka la lava gumu, juu yake majivu, juu yake lava tena, mlipuko baada ya mlipuko.

Wataalamu wa miamba wanakadiria kwamba upande huo ulibomoka miaka elfu kadhaa iliyopita, pengine elfu nane au tisa. Mawe, majivu na matope vilishuka kwa kishindo kuelekea mashariki, hadi tambarare zilizo kati yetu na Kilimanjaro. Vilima vidogo vidogo vilivyotapakaa Momella ni mabonge ya mlima wa zamani, na maziwa ya Momella yamekaa katika mashimo yaliyobaki katikati yake. Mlima haukunyamaza hapo. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910, wakati Boma la Wajerumani pale mjini lilikuwa na umri wa miaka kumi tu.

Wenzetu wa Mbinga na Ludewa wakichimba hukuta makaa ya mawe, mabaki ya misitu iliyofukiwa zama za kale sana. Mawe yetu ni meusi pia, lakini hayawaki. Urithi wetu ni wa aina nyingine. Majivu na lava vilivyooza vimetupa udongo uliotulea: migomba, kahawa, maharage, viazi.

Ardhi iliyopiganiwa

Kwa sababu ya udongo huo na malisho yake, ardhi hii ilitamaniwa. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili eneo lipewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Wazee wetu hawakukaa kimya. Walichangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York kueleza kilio cha watu wake, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hawakushinda siku ile, lakini dunia ilisikia, na Tanganyika nzima ikajifunza kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kudai haki mbele ya mataifa.

Deni la mlima

Mlima uleule uliotupa udongo umetia pia madini ya floraidi katika maji yetu. Mawe na majivu ya Meru yana floraidi nyingi, na maji yake yana kalsiamu kidogo ya kuinasa. Kadiri maji yanavyokaa muda mrefu ndani ya majivu na kifusi cha ule mporomoko, ndivyo yanavyozidi kuiyeyusha. Ndiyo maana chemchemi mbili zilizotenganishwa na bonde moja zinaweza kutofautiana sana.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika mito ya pande zetu vimepatikana vipimo vya zaidi ya miligramu 12, na katika maziwa ya magadi ya Momella hadi 690. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa watu hawakuwa na maji mengine. Baadaye kikomo kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5.

Matokeo yake tunayajua bila kuambiwa na daktari. Mtoto anaota meno ya kahawia. Akienda sekondari ya mbali anaulizwa kwa nini hapigi mswaki, naye anajifunza kucheka huku ameziba mdomo. Wengine wanapata matege, na wazee migongo na magoti yanakakamaa. Huu si uchafu, wala si laana ya ukoo. Ni maji.

Tusidanganyane: kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki ileile, kwa hiyo yanakuwa makali zaidi. Na magadi tunayotia kwenye makande na maharage yanaongeza floraidi nyingine.

Kinachowezekana

Dawa ipo, na nyingine imetengenezwa hapahapa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi na chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi. Maji ya mvua yakivunwa kwenye bati safi hayana tatizo hili kabisa. Meno ya kudumu hujijenga ndani ya fizi katika miaka minane ya kwanza, kwa hiyo mtoto mdogo ndiye wa kuanza naye.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu tumeipangia kazi tatu, kwa mpangilio huu: kupima kila chemchemi inayotumiwa na vijiji vyetu na kubandika matokeo hadharani, kujenga matangi ya mvua katika shule za msingi, na kununua machujio kwa ajili ya nyumba zenye watoto wadogo. Tunaanza na kupima, kwani hatutaki kuvuta bomba la gharama kubwa kutoka chemchemi ambayo nayo ina sumu.

Mwaka 1952 wazee walichanga ili sauti yetu ifike New York. Sisi tunaombwa kidogo kuliko hapo: kwamba mtoto atakayezaliwa mwaka huu chini ya mlima huu acheke bila kuziba mdomo.

Karibuni tuchange.