Koplo Aliyerudi Kutoka Burma

Majina ya mahali aghalabu huhifadhi historia ambayo wapitao hawaijali. Upande wa mashariki wa Nairobi, jina la Kariokor hukumbusha Kikosi cha Wachukuzi cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Karibu na Barabara ya Jogoo, soko la Burma hutaja nchi ya mbali ambako vijana wa Kenya walipigana katika Vita vya Pili.

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Waruhiu Itote, aliyezaliwa Nyeri mwaka wa 1922. Alifika Nairobi mwaka wa 1939 kutafuta riziki, na Januari 1942 akaingia katika jeshi la Keya. Alipelekwa Ceylon, kisha Burma, ambako majeshi ya Waingereza yalikuwa yakipambana na Wajapani katika misitu yenye mvua na maradhi. Huko akapanda cheo hata akawa koplo. Alijifunza kuvizia, kujificha na kuishi msituni. Lakini alijifunza na jambo jingine. Katika kitabu chake, Mau Mau General, kilichotolewa mwaka wa 1967, asimulia jinsi askari mmoja Mwingereza alivyomshangaa kuona anapigania himaya inayomtawala, na jinsi Mmarekani mweusi alivyomweleza habari za Haiti, ambako watumwa walijikomboa wenyewe.

Vita vilipokwisha, wanajeshi wa Kizungu walipewa nafasi ya kupata mashamba katika Nyanda za Juu. Askari Mwafrika alirudi kwenye kipande chake na mshahara mdogo. Itote akawa mchochea moto wa garimoshi katika shirika la reli, ambalo wafanyakazi wake wengi waliishi Muthurwa na Landhies, mitaa ya mashariki ya Nairobi. Katika mitaa hiyo kulikuwa na watu wengi waliovaa sare ya Mfalme na sasa hawakuwa na ardhi wala sauti. Wengine walijiunga na vyama vya wafanyakazi. Wengine wakala kiapo.

Mwaka wa 1952 Itote aliingia msitu wa Mlima Kenya, akawaongoza wapiganaji kwa jina la Jenerali China. Mbinu alizofunzwa na Waingereza sasa aliwatumia Waingereza wenyewe. Januari 1954 alijeruhiwa, akakamatwa na kuhukumiwa kifo. Hukumu hiyo ikaondolewa alipokubali kusaidia mazungumzo ya kusimamisha vita. Wako waliomlaumu kwa hilo. Mazungumzo yalivunjika, na Aprili mwaka huohuo Operesheni Anvil ikaizingira Nairobi. Mitaa ya mashariki ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na watu zaidi ya 20,000 wakatiwa vizuizini. Itote mwenyewe alifungwa Lokitaung, ambako mfungwa mwenzake, Jomo Kenyatta, alimfundisha Kiingereza.

Alifunguliwa mwaka wa 1962. Baada ya Uhuru alifanywa naibu mkurugenzi wa Huduma ya Taifa ya Vijana, iliyoanzishwa mwaka wa 1964 ili kuwapa kazi na mafunzo vijana wasio na shughuli. Mkurugenzi wake alikuwa Geoffrey Griffin, ambaye wakati wa Hali ya Hatari alikuwa afisa wa Keya, yaani katika jeshi lililowasaka watu wa Itote. Griffin ndiye pia aliyeanzisha, pamoja na wenzake, shule ya Starehe mwaka wa 1959, si mbali na Kariokor, kwa ajili ya watoto wa mitaani. Maadui hao wawili wa jana wakafanya kazi katika idara moja, wakiwafunza vijana kujenga barabara.

Basi yatupasa kupambanua. Nidhamu ya askari ni chombo tu; humtumikia yeyote aishikaye. Itote aliitumia kwa mfalme, kisha kwa waasi, mwisho kwa taifa. Mkono ulikuwa uleule na ujuzi uleule. Kilichobadilika ni jambo alilolitumikia, na hilo ndilo lipasalo kuulizwa kabla ya kijana yeyote kushika bunduki.