Mfumo wa kuwasha injini katika magari ya zamani

Mfumo wa kuwasha injini katika magari ya zamani ni saketi ya umeme inayotoa cheche kwenye plagi ili kuchoma mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Makala hii inahusu mfumo wa pointi, ambao ulikuwa wa kawaida katika magari ya petroli kabla ya mifumo ya kielektroniki kuenea katika miaka ya 1970 na 1980, na hasa namna ya kubadili nyaya zake zikichakaa. Injini za dizeli hazina mfumo huu, kwa sababu mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa.

Afrika ya Mashariki mfumo huu bado unaonekana katika Land Rover za petroli za miundo ya kwanza, Volkswagen Beetle, Peugeot 404 na 504, na Datsun za zamani.

Historia

Magari mengi ya mwanzo yalipata cheche kutoka kwa magneto, kifaa kinachozalisha umeme wake chenyewe injini inapozungushwa. Mfumo wa betri, koili na pointi ulikamilishwa nchini Marekani na Charles Kettering wa kampuni ya Delco, ukatumika katika magari ya Cadillac kuanzia miaka ya 1910 hivi. Baadaye ulienea duniani kote na kudumu zaidi ya nusu karne bila mabadiliko makubwa.

Jinsi unavyofanya kazi

Mfumo una saketi mbili. Ya kwanza ni ya umeme mdogo wa betri, yaani volti 12 katika magari mengi (Beetle za zamani zilikuwa na volti 6). Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi ya ufunguo, huingia kwenye koili, kisha hufika kwenye pointi zilizo ndani ya distribyuta na kuishia kwenye bodi ya gari. Pointi zikifunga, koili hujenga uga wa sumaku. Zikifunguka, uga huo huporomoka ghafla na kuzalisha volti elfu nyingi katika waya mwembamba wa koili. Hiyo ndiyo saketi ya pili: umeme mkubwa hupita kwenye rota na kofia ya distribyuta, halafu kwenye waya mnene hadi plagi ya silinda inayohusika.

Kondensa iliyofungwa sambamba na pointi huzuia cheche isirukie kwenye pointi zenyewe na husaidia uga kuporomoka upesi. Kondensa ikifa, pointi huungua na cheche ya plagi hudhoofika.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 kila sekunde.

Kwa nini hitilafu hujitokeza mlimani

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, mkoani Tanga, hupanda takriban mita 1,000 katika mwendo wa kilomita 30 na ushei. Inapita Soni, mji mdogo wenye maporomoko ya maji, ambako njia ya Bumbuli huchepuka. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni bonde, na kona hazina nafasi ya kutosha kuegesha gari bovu. Gari la petroli lililokimbia vizuri tambarare tangu Korogwe linaweza kuanza kumisi mara tu linapoanza kupanda.

Sababu si mwinuko wenyewe. Dereva anapokanyaga mafuta hadi chini, hewa nyingi huingia kwenye silinda na kubanwa kwa nguvu, na cheche huhitaji volti kubwa zaidi ili kuruka kati ya ncha za plagi. Cheche dhaifu iliyotosha tambarare hushindwa hapo.

Hesabu ndogo inaonyesha jinsi waya mbovu unavyodhoofisha cheche. Koili ya volti 12 yenye ukinzani wa omu 3 hupitisha ampea 4. Kiungo kimoja kilichosokotwa kwa mkono, kikafungwa tepu na kuingia kutu, kinaweza kuongeza omu 1. Sasa mkondo ni ampea 3. Inaonekana kuwa ni robo tu iliyopotea, lakini nishati inayohifadhiwa katika koili hufuata kipeo cha pili cha mkondo: 9 kwa 16. Karibu nusu ya nguvu ya cheche imetoweka. Mtu anaweza kubadili plagi na hata kabureta bila kupata nafuu, kumbe kosa liko kwenye kiungo cha senti chache.

Ukungu na mvua za Usambara huongeza tatizo la pili. Unyevu ukitanda juu ya kofia ya distribyuta yenye vumbi au ufa, umeme mkubwa hupita juu ya uso wake hadi kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi.

Kubadili nyaya

Kazi huanza kwa kuondoa waya wa betri na kuchora mchoro wa nyaya zilivyo kabla ya kugusa chochote. Kila waya wa plagi hupewa namba ya silinda yake. Injini nyingi za silinda nne, pamoja na ya Land Rover, huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, lakini Beetle hufuata 1-4-3-2. Ukizichanganya, injini hupiga risasi kwenye kabureta au haiwaki kabisa.

Jambo la pili ni kujua ncha ipi ya betri imeunganishwa na bodi. Magari mengi ya Kiingereza hadi miaka ya 1960 yaliunganisha ncha chanya, na ya baadaye ncha hasi. Kitabu cha gari hakitoshi hapa, kwa kuwa gari lenye umri wa miaka 60 huenda lilishageuzwa ili kufungwa redio. Bodi ikiwa hasi, ncha hasi ya koili huelekea kwenye distribyuta. Bodi ikiwa chanya, ni kinyume chake. Koili ikigeuzwa injini bado huwaka, na ndiyo maana kosa hili hukaa miaka mingi bila kugunduliwa. Elektroni hutoka kwa urahisi kwenye ncha ya kati ya plagi kwa sababu ndiyo yenye joto zaidi. Zikilazimishwa kutoka upande wa pili, volti inayohitajika huwa kubwa zaidi.

Rangi husaidia iwapo nyaya ni za kiwandani. Katika magari ya Kiingereza waya mweupe hutoka kwenye swichi kwenda kwenye koili, na mweupe wenye mstari mweusi hutoka kwenye koili kwenda kwenye distribyuta. Magari ya Kijerumani hutumia namba: 15 ni umeme kutoka kwenye swichi, na 1 ni waya wa koili kwenda kwenye pointi.

Waya mpya uwe wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hadi 2, mmoja mzima kutoka ncha hadi ncha bila kiungo katikati. Unapopita kwenye tundu la bati uvishwe pete ya mpira, usije ukakatika na kugusa bodi.

Baadhi ya magari yana koili ya omu 1.5 hivi inayofanya kazi pamoja na kizuizi cha mkondo, ambacho wakati mwingine ni waya maalumu uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Stata ikizunguka, kizuizi hurukwa ili koili ipate nguvu zote. Fundi asiyejua huuona kama waya wa kawaida, anauondoa na kuweka shaba. Gari huwaka vizuri kuliko mwanzo, kisha baada ya muda pointi na koili huungua. Kupima ukinzani wa koili kabla ya kufunga waya huzuia hasara hiyo.

Ndani ya distribyuta kuna nyaya mbili fupi laini ambazo husahauliwa sana: ule wa kwenda kwenye pointi na ule unaounganisha sahani ya pointi na bodi. Sahani hiyo huvutwa na kurudishwa na mvuto wa hewa kulingana na mzigo wa injini, na nyaya hukatika ndani ya ganda lake. Dereva akikanyaga mafuta mlimani, sahani husogea na waya huachana; akisimama kupima, sahani hurudi na umeme unapita. Zibadilishwe kwa waya laini wa nyuzi nyingi. Waya mgumu hukatika tena upesi.

Kuhakiki

Mwanya wa pointi hupimwa kwanza, kwa kawaida milimita 0.35 hadi 0.40, ndipo taimingi ifungwe, kwa maana kubadili mwanya hubadilisha taimingi pia. Swichi isiachwe wazi injini ikiwa imezimwa, kwani pointi zikiwa zimefunga koili hupata moto. Usiku, injini ikinguruma na boneti likiwa wazi, umeme unaovuja huonekana kama mng'ao wa buluu juu ya nyaya za plagi au kofia. Maji machache yakinyunyiziwa hapo huonyesha kile ambacho ukungu wa Soni ungefanya, ila mkono usiguse nyaya hizo.