Mashine za Gemu za Kale na Televisheni za Ganjoni

Mashine ya gemu huonyesha picha pale tu inapolingana na nyumba iliyomo katika mambo matatu: umeme, masafa na mfumo wa rangi. Katika Ganjoni, mtaa wa kusini magharibi mwa kisiwa cha Mombasa ulio jirani na Mbaraki na bandari ya Kilindini, ulinganifu huo uliamuliwa na mahali mzigo ulikotoka. Mashine ya Dubai ilikuwa tayari kuchezwa mara ilipochomekwa. Ya Uingereza ilitoa picha, sauti ikabaki mtihani. Ya Japani haikutoa lolote mpaka ipite mikononi mwa fundi.

Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, na kituo cha Mombasa kikafunguliwa mwaka 1970 chini ya shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya. Mfumo uliofuatwa ulikuwa wa Ulaya: picha ya mistari 625 inayochorwa kwa mapigo 50 kwa sekunde, na rangi zilipokuja zikaja kwa mfumo wa PAL. Umeme wa majumbani ulikuwa volti 240, kwa plagi ya pini tatu. Japani ilishika njia ya Marekani, yaani mistari 525, mapigo 60 na rangi za mfumo wa NTSC, huku umeme wake ukiwa volti 100. Tofauti hizo ziliwekwa na wahandisi wa matangazo na wa umeme kabla hata ya gemu za nyumbani kuenea, lakini ndizo zilizotawala maisha ya mashine hizo pwani.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 uagizaji wa bidhaa nchini Kenya ulibanwa na leseni na uhaba wa fedha za kigeni. Gemu ziliingia zaidi katika mizigo ya mabaharia na ya jamaa waliofanya kazi Uarabuni au Ulaya. Mwaka 1993 leseni za uagizaji ziliondolewa, na biashara ya Dubai ikapanuka. Falme za Kiarabu zilitumia PAL na plagi ile ile ya pini tatu, kwa hiyo kilichouzwa huko kilifaa Mombasa bila kuguswa. Wakati huo huo viwanda vya Taiwan, na baadaye vya China, vilikuwa vikitoa kwa wingi nakala za bei nafuu za Famicom, mashine ambayo Nintendo iliizindua Japani tarehe 15 Julai 1983. Nakala nyingi zilirekebishwa kwa ajili ya televisheni za PAL huku zikipokea kaseti zile zile za pini 60 za Japani. Mapigo yalikuwa 50 badala ya 60, hivyo gemu zilikwenda polepole kwa sehemu moja ya sita. Mtoto wa Mombasa aliyeujua muziki wa gemu ya Super Mario Bros. kwa mashine hizo aliujua ukiwa wa taratibu kuliko alivyousikia mtoto wa Osaka.

Mashine za Uingereza zilileta tatizo dogo lakini la kuudhi. Uingereza nayo ilitumia PAL, hivyo picha na rangi zilionekana sawasawa kupitia tundu la eriali. Sauti ndiyo iliyopotea. Waingereza waliiweka megahezi 6 juu ya picha, ilhali televisheni zilizofuata mfumo wa Kenya ziliitafuta kwenye megahezi 5.5. Aliyeunganisha kwa eriali alisikia mvumo mtupu. Dawa ilikuwa kutumia waya za AV, zinazopeleka picha na sauti kila moja kwa njia yake, au kupata televisheni ya mifumo mingi.

Famicom halisi ya Japani ilikuwa na kikwazo kikubwa zaidi. Ilitoa picha kwa eriali pekee, kwenye chaneli ya 1 au ya 2 ya Japani, yaani kwenye megahezi 91.25 au 97.25. Nchini Kenya masafa hayo ni ya redio za FM. Madereva wa Mombasa wanakijua chanzo cha jambo hili kwa upande mwingine: redio za magari mengi ya zamani yaliyotumika kutoka Japani huishia megahezi 90, kwa sababu chaneli za kwanza za televisheni ya nchi hiyo zilikaa juu ya hapo, na gari hufungwa kifaa cha kugeuza masafa ili linase stesheni za hapa.

Kazi ya fundi huanza na umeme. Famicom hutumia adapta ya nje ya DC ya volti 10, kwa hiyo adapta mpya ya volti 240 inatosha, mradi ncha hasi iwe katikati ya plagi yake. Adapta ya NES, toleo la Famicom lililouzwa Ulaya, haifai hata kidogo, kwani hutoa umeme wa AC na huweza kuiunguza Famicom. PlayStation ya Japani ya mwaka 1994 ina mfumo wake wa umeme ndani, hivyo huhitaji transfoma ya kushusha volti 240 hadi 100. Baada ya umeme huja picha. Fundi huchukua mawimbi ya video moja kwa moja kwenye pini ya 21 ya chipu ya picha ya Famicom, huyapitisha kwenye transista na vipingamizi vichache, kisha hulehemu tundu la AV. Mwisho ni kaseti. Hewa ya chumvi ya kisiwani hula miguu yake ya shaba. Kuipuliza huongeza unyevu. Kuipangusa kwa spiriti na pamba huondoa uchafu.

Mwaka 2015 Kenya ilizima matangazo ya analogi. King'amuzi cha dijitali hakisomi mawimbi ya gemu ya kale, na televisheni za kisogo zilianza kupisha zile bapa zenye HDMI. Hapo tatizo likabadilika sura. Televisheni bapa nyingi hukubali PAL na NTSC pia kupitia AV, kwa hiyo mfumo wa rangi si kizuizi tena. Lakini gemu za kale huchora mistari 240 kamili mara 50 au 60 kwa sekunde, na televisheni hizo hudhani kila mchoro ni nusu ya picha. Huunganisha michoro miwili, hivyo kingo hufifia na vitu vinavyomwekamweka hupotea. Kazi hiyo huchukua muda, na kitufe kikibonyezwa Mario huruka akiwa amechelewa. Bunduki ya gemu ya Duck Hunt haifanyi kazi kabisa, maana ilitegemea mwanga wa televisheni ya kisogo uliowaka papo hapo.

Visanduku vya bei nafuu vya kugeuza AV kuwa HDMI huleta picha bila kuondoa kosa hilo. Vifaa kama RetroTINK huitambua mistari 240 ilivyo na kuikuza bila kuchelewesha inavyohisika. Kwa asiye navyo, kuwasha modi ya gemu ya televisheni na kuweka picha katika uwiano wa 4:3 husaidia sana.

Televisheni ya kisogo iliyo nzima bado ndiyo inayozionyesha mashine hizi vizuri kuliko zote, na haifai kutupwa. Anayerithi mashine ya zamani asome kwanza kibandiko cha chini: kikiwa kimeandikwa volti 100, isichomekwe ukutani. Ampelekee fundi aliyezoea televisheni za kisogo na eriali, na kijana akae naye ajifunze, kwa sababu ujuzi wa kuzitengeneza uko mikononi mwa mafundi hao.