Viungo vya Mbao katika Vyombo vya Bia

Kaka yangu ni seremala. Anataka kutengeneza kabati la kutolea bia nyumbani kwetu Rwanda: pipa na ubaridi ndani, bomba nje. Ameniuliza aunganishe mbao vipi. Katika insha hii ninatafuta jibu katika historia, kwa sababu adui wa kiungo ni yuleyule wa zamani, yaani unyevu. Mbao ikilowa hupanuka kwa upana, lakini urefu wake karibu haubadiliki.

Wazee wetu walikwepa viungo kabisa. Umuvure, chombo cha kutengenezea pombe ya ndizi, huchongwa katika gogo moja kama mtumbwi, kwa hiyo hauna kiungo cha kuvuja. Lakini unahitaji mti mkubwa, na miti hiyo imepungua.

Ulaya waliufanya unyevu kuwa msaidizi. Katika karne ya 1, Pliny wa Roma aliandika kwamba karibu na milima ya Alpi divai iliwekwa katika vyombo vya mbao vilivyofungwa kwa pete. Mapipa ya bia yalifuata njia hiyohiyo: vibao hulowa, hupanuka, pete huvizuia, na nyufa huziba.

Kabati ni tofauti, kwani hulowa na kukauka kila mara. Kwa hiyo ninapendekeza fremu ya ulimi na tundu, yenye gundi isiyoharibiwa na maji. Ubao wa katikati ukae ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, upate nafasi ya kupanuka na kusinyaa bila kupasuka.