Mfumo endeshi huria: kwa nini si "wa bure"

Mwaka 1998 wanakompyuta kadhaa wa Marekani waliona neno "free" linawaponza. Kwa Kiingereza neno hilo ni bure na ni huru kwa pamoja, na wafanyabiashara walipolisikia walifikiria bure tu, wakaondoka. Christine Peterson, aliyekuwa pamoja nao, akapendekeza jina jingine, "open source", nalo likaenea. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatukuwa na shida hiyo. Bure ni bure, huru ni huru, na tuna la tatu, huria, ambalo ndilo lililoshika: programu huria, chanzo huria, mfumo endeshi huria.

Mfumo endeshi ni programu inayoamka kabla ya zile unazozitumia kompyuta inapowashwa. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayofungua diski, inayoisemesha printa. Windows ni mmoja, Linux ni mwingine. Wengine huandika "mfumo wa uendeshaji". Sina ugomvi nao, ila kwenye kitufe kidogo cha skrini neno fupi lina faida yake.

Kazi iko kwenye huria. Mtanzania alilizoea neno hili katika soko huria, biashara zilipoachiwa mkono, kisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo kilicho bure. Sokoni unalipa, na chuoni kuna ada. Kinachoelezwa ni nani anaruhusiwa kuingia, na akishaingia afanye nini bila kuomba ruhusa tena.

Chanzo nacho ni ufupisho wa msimbo chanzo, yaani maandishi anayoyaandika mwanaprogramu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Programu nyingi za kununua hukupa kile kilichokwisha kugeuzwa. Inafanya kazi, lakini huwezi kuisoma. Mwanaprogramu Richard Stallman alitoa leseni ya GPL mwaka 1989 ikisema kinyume: itumie kwa kazi yoyote, soma msimbo, ubadilishe, gawa nakala, gawa na ulichobadilisha, sharti ni kwamba utakayempa naye apate haki hizohizo. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa Linux mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyo.

Sasa lipeleke neno huria Kasulo, wilayani Ngara. Wengi walilijua eneo hili kwa kambi ya Benaco, iliyopokea wakimbizi wa Rwanda waliovuka daraja la Rusumo mwaka 1994. Hapo Benaco barabara inagawanyika: huku Rusumo na Rwanda, kule Ngara mjini na mpaka wa Burundi pale Kabanga. Kihangaza cha wenyeji ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Kwa hiyo ukimtajia mtu wa huku Ubuntu, Linux inayojulikana kuliko nyingi, hana haja ya kuelezwa kuwa ni utu. Ila Kirundi kina jambo zaidi: "ku buntu" maana yake ni bila malipo. Na toleo liitwalo Kubuntu lipo kweli! Hivyo bure inapitia mlango wa nyuma kabla mwalimu wa kompyuta hajafungua kinywa.

Si uongo, maana Ubuntu hailipiwi. Tangu toleo la kwanza la Oktoba 2004, lililogharimiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hadi mwaka 2011, watengenezaji wake walikuwa wakituma CD kwa posta bila kudai hata nauli. Lakini bure haimwambii kitu mwenye steshenari. Laptop yake ikizingua anaipeleka kwa fundi, fundi anampigia Windows ya kukraki, analipa ufundi tu. Mwambie Linux ni ya bure, atakujibu kwa haki kabisa: kwani hii niliinunua? Tofauti aitafute kwingine. Nakala ya fundi si halali, na aliyeikraki anaweza kuwa ameacha lake ndani. Nakala ya Ubuntu ni halali hata ikipita mikono kumi. Faili la Ubuntu 24.04 linazidi GB 5, na kwa bando la simu hayo ni maumivu. Basi apakue mmoja, wengine wanakili kwa flashi. Leseni yenyewe imewaruhusu. Mwenye wasiwasi apige amri ya sha256sum kwenye kompyuta yenye Linux, alinganishe tarakimu zitakazotoka na zile zilizotangazwa na watengenezaji. Herufi moja ikitofautiana, hilo faili si lao, au limeharibika njiani.

Kujifunza kwenyewe kunaanzia kwenye flashi hiyohiyo. Mfumo ukishaandikwa humo unawasha kompyuta kutokea flashini, unachagua kujaribu, na diski yako haiguswi. Hapo ndipo mtu aliyekulia kwenye Windows hupotea. Diski C haipo. Flashi nyingine ukiichomeka, utaikuta chini ya /media. Faili Barua.odt na faili barua.odt ni mafaili mawili tofauti. Linalotisha kuliko yote ni nywila, ukishaisakinisha Ubuntu 24.04 kwenye diski: unaandika amri sudo apt update, unaombwa nywila, unabonyeza herufi na skrini haionyeshi kitu, hata kinyota. Wanafunzi wengi hudhani kibodi imekufa. Haijafa. Maliza kuandika, bonyeza Enter.

Huria pia iliwahi kutufanyia kazi kama wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Kiswidi IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hawakumsubiri mwenye mali aone kama soko letu lina faida, kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi na leseni iliruhusu kuubadilisha.

Ruhusa hiyo haijafutwa. Ukiweka Ubuntu kwa Kiswahili leo utakutana na menyu iliyochanganyika, mstari huu Kiswahili, ule Kiingereza. Mhangaza mwenye steshenari anayeona "kabrasha" halieleweki kwa wateja wake na "folda" linaeleweka anaweza kufungua akaunti Launchpad, zinakofanyiwa tafsiri hizo, akaandika pendekezo lake chini ya mstari husika. Litapitiwa na wanaosimamia tafsiri za Kiswahili. Likikubaliwa, litaingia katika masasisho ya baadaye.