Mota ya waipa yaweza kuzungusha ndafu juu ya makaa

KATIKA sherehe nyingi za harusi nchini Tanzania, si rahisi kukosa ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa. Kazi ya kumwandaa ni ngumu. Mtu hulazimika kukaa kando ya makaa kwa saa kadhaa akizungusha chuma kwa mkono, ili upande mmoja usiungue huku mwingine ukibaki mbichi.

Juhudi za kuepuka adha hiyo si jambo jipya. Mwishoni mwa karne ya 15, Leonardo da Vinci alichora chombo cha kuzungusha nyama kwa nguvu ya hewa moto inayopanda kwenye dohani. Nchini Uingereza, mbwa walitumika kwa karne kadhaa kukimbia ndani ya gurudumu lililozungusha nyama jikoni.

Siku hizi fundi wa kuchomelea, awe wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, anaweza kuunda kifaa hicho kwa vyuma vilivyokwisha kutumika.

Kiini chake ni mota ya waipa ya gari, inayotumia betri ya volti 12 na yenye gia ndani yake. Hata hivyo, kwa kasi yake ya chini mota hiyo huzunguka takribani mara 45 kwa dakika, ilhali nyama huhitaji mizunguko michache tu, isiyozidi 6 hivi. Kasi hupunguzwa kwa minyororo na gia za baiskeli. Gia ya meno 18 ikizungusha ya meno 48, mizunguko 45 hushuka hadi 17, na hatua ya pili ya aina hiyo huifikisha takribani 6. Gia ndogo ya nyuma ya baiskeli sharti ichomelewe isijizungushe yenyewe, la sivyo upande mzito wa nyama utaanguka kwa kishindo kila ufikapo juu.

Kabla ya kuwasha mota, nyama husawazishwa. Chuma chenye nyama huwekwa juu ya egemeo zake na kuachwa huru; upande mzito utashuka, na uzito mdogo hufungwa upande wa pili hadi chuma kitulie popote kinapoachwa. Mota inayozungusha mzigo usio sawa huungua upesi. Aidha, ni vyema kuweka fyuzi karibu na betri na kuikinga mota dhidi ya joto.

Hatari kubwa imo katika uchaguzi wa chuma. Bomba la maji lililopakwa zinki halifai kupitishwa ndani ya nyama wala kuwekwa motoni. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, na moshi wake husababisha homa kwa anayeuvuta, akiwamo fundi anayelichomelea. Chuma cha pua ndicho salama. Vilevile, pipa lililowahi kubeba kemikali lisigeuzwe jiko.

Makaa hupangwa pande mbili, si chini ya nyama moja kwa moja, ili mafuta yanayodondoka yasiwashe miali. Nyama ya mbuzi isiyosagwa huwa salama ikifikia nyuzi 63 za Selsiasi katikati ya paja na kupumzishwa dakika 3. Kuku huhitaji nyuzi 74.