Njaa ya Mwaka wa Majivu

Katika mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na mwaka 639 wa Miladi, mvua ilikatika katika nchi ya Hijazi. Ardhi ikakauka hata ikawa nyeusi, na kila upepo ulipovuma ulirusha vumbi mfano wa jivu. Kwa hivyo Waarabu wakauita mwaka ule Aamu-r-Ramada, yaani Mwaka wa Majivu. Dhiki hiyo ilidumu kiasi cha miezi tisa. Wapokezi wa tarehe wanasimulia kuwa wanyama wa mwituni walikuwa wakiwakaribia watu kwa njaa, na kwamba mtu alikuwa akimchinja kondoo wake kisha akaona karaha kumla kwa vile alivyokonda.

Waliotangulia kutaabika ni watu wa majangwani, ambao riziki yao yote ni mifugo. Mifugo ilipokwisha walifunga safari, kabila baada ya kabila, wakaujia mji wa Madina, wakapiga mahema yao pande zote za mji, tokea Baqi mpaka kwa Bani Haritha na Bani Quraydha. Wenye mji nao hawakuwa na shibe. Sayyidna Umar bin Khattab (Radhiya Llahu anhu), aliyekuwa Khalifa wakati huo, alitoa kilichokuwamo katika Baytul-Mal mpaka kikamalizika, kisha akawaandikia maliwali wake wa Misri, Sham na Iraq kuwataka msaada. Sham ikaleta ngamia kwa maelfu, wamebeba unga. Amr bin Aas akaleta kutoka Misri ngamia 1,000 kwa njia ya bara na majahazi 20 kwa njia ya bahari. Hesabu hizi hutofautiana baina ya mpokezi na mpokezi, lakini wote wanakubaliana kuwa makafila yalikuja, na kwamba ngamia wenyewe pia walichinjwa wakaliwa.

Wasemaji wa mimbarini hupenda sana kuyataja makafila hayo. Lakini yaliyofanywa ndani ya Madina yanastahili kutazamwa zaidi, maana unga mwingi ukiletwa mahali pasipo utaratibu humfikia mwenye nguvu, na mnyonge akafa hali anauona. Sayyidna Umar aliugawa mji pande pande, na kila upande akauwekea wasimamizi. Majina yao yamehifadhiwa: Yazid bin Ukhtin-Namir, Miswar bin Makhrama, Abdurrahman bin Abdin Al-Qari na Abdullah bin Utba. Kila jioni walikusanyika kwake, kila mmoja akaeleza aliyoyaona upande wake. Wapishi waliamka kabla ya alfajiri wakateleka vyungu vikubwa.

Usiku mmoja, watu walipokwisha kula, Khalifa akaamrisha wahesabiwe. Wakapatikana 7,000. Kisha akaamrisha wahesabiwe wale wasioweza kuja chakulani, nao ni wagonjwa, watoto na wake majumbani. Wakapatikana 40,000, nao wakawa wakipelekewa chakula huko huko walipo. Hesabu hii ya pili ndiyo kazi hasa, kwani aliyekuja mwenyewe huonekana bila ya kutafutwa. Baada ya siku chache waliokuja walifika 10,000, na wasiokuja 50,000. Pamoja na juhudi zote hizo mauti yaliwashukia, na aliyeishuhudia hali hiyo, Aslam, mtumwa wa Sayyidna Umar aliyeachwa huru, amepokea kuwa wengi wao walikufa.

Sayyidna Umar mwenyewe aliapa kutoonja samli, maziwa wala nyama mpaka watu wapate faraji. Alikula mkate kwa mafuta ya zeituni hata rangi yake ikabadilika ikawa nyeusi. Siku moja kijana wake alimnunulia samli na maziwa sokoni kwa dirhamu 40. Akaamrisha vitolewe sadaka, akaikemea bei ile. Alisema pia kwamba kama chakula kisingepatikana angeliingiza katika kila nyumba watu kwa idadi ya wenye nyumba, wagawane kilichopo, kwa kuwa mtu hafi kwa kula nusu ya shibe yake.

Zaka ya wanyama haikukusanywa mwaka ule. Mwaka uliofuata, nchi ilipopata mvua, ikatozwa ya miaka miwili, nusu ikagawiwa mafakiri wa pale pale ilipotolewa na nusu ikapelekwa Madina. Aliyeiba kwa njaa hakukatwa mkono.

Mwisho watu walitoka kwenda kuomba mvua, na Sayyidna Umar akamtanguliza Sayyidna Abbas, ami yake Mtume (Salla Llahu alayhi wa sallam), awaombee. Mvua ikanyesha. Waliobaki wakapewa chakula na vipando, wakasindikizwa warudi kwao.

Jambo halikuachwa hapo. Amr bin Aas aliufukua mfereji wa kale uliokuwa umejaa mchanga, ukaunganisha mto Nile na bandari ya Qulzum, karibu na Suez ya leo. Nafaka ya Misri ikawa inakuja kwa majahazi mpaka Al-Jar, bandari ya Madina, ikiwekwa ghalani, na watu wakipewa hati za kuchukulia fungu lao. Mfereji huo ulitumika zaidi ya miaka mia moja, hata Khalifa Al-Mansur akaufunga.

Lakini palipo na hati hapakosi mchuuzi. Zama za Marwan bin Hakam, aliyekuwa liwali wa Madina, watu walianza kuuziana hati za Al-Jar kabla chakula chenyewe hakijapokewa. Zayd bin Thabit na sahaba mwingine wakamwendea Marwan, wakamuuliza kama yeye anahalalisha riba. Marwan akashtuka, akakana. Walipomweleza, akatuma askari wakazifuatilia hati zile, wakazitoa mikononi mwa wachuuzi na kuwarudishia wenyewe.